Mchumba wa Ukurasa wa Sitini na Mbili

Alhamisi ile Idman alitoka dukani na kilo mbili za sukari, akaingia uani kwao, mtaa wa Galbet mjini Garissa, na kabla hajavua viatu akaambiwa kwamba ana mchumba.

“Badri ni nani?” aliuliza mama yake, Hawo.

Alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umemteleza hadi mabegani naye hana habari. Nyuma yake, sebuleni, feni ilizunguka kivivu juu ya vichwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha adeer Bishar, kaka mkubwa wa marehemu babake Idman, aliyeingia mjini asubuhi kutoka Habaswein bila kupiga simu, kama kawaida yake, ndevu zikiwaka hina mpya. Cha pili kilikuwa cha ayeeyo Ramlo, bibi yake, tasbihi mkononi. Cha tatu kilikuwa cha binamu yake, Nuh, aliyeketi katikati ya mkeka akishika karatasi kwa ncha za vidole viwili.

Nuh alikuwa karani wa kupokea barua katika ofisi moja mjini. Kazi yake ilikuwa kuzipiga muhuri, si kuzisoma, lakini nyumbani hakuna aliyejua tofauti, na Nuh hakuwahi kuona haja ya kuieleza. Katika ukoo mzima yeye ndiye aliyekuwa Kiingereza chenyewe.

“Simjui Badri yeyote,” Idman alisema.

“Hamjui!” Adeer Bishar aligonga bakora sakafuni. “Nuh, msomee.”

Nuh akakohoa. Ndipo Idman alipoitambua karatasi, na sukari ikamponyoka.

Ilikuwa kazi ya darasa. Idman alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa ameacha shule katika Kidato cha Tatu mama yake alipoanguka na kuumia mgongo, akamuuguza miaka minne, na Hawo aliposimama tena wima, Idman akajiandikisha katika kituo cha watu wazima kilichokuwa mitaa miwili kutoka kwao. Sasa zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja tu afanye mtihani wa Kidato cha Nne. Hesabu alizimudu. Biolojia aliipenda. Kilichomkosesha usingizi ni fasihi ya Kiingereza, na hasa tamthilia moja ndefu kuhusu daktari kijana aitwaye Patrick na msichana aitwaye Lusia, ambaye babake hakutaka hata kuusikia mlio wa pikipiki ya daktari. Mwalimu Barwaqo alikuwa amewaambia wanafunzi: “Wewe ni Lusia. Patrick anaondoka kesho. Mwandikie barua.”

Idman aliandika. Aliandika mengi kuliko alivyokusudia, kurasa mbili, na alipomaliza masikio yake yalikuwa yakiwaka moto. Na hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa mkononi mwa Nuh, imetoka chini ya mto wake wa kulalia, mahali ambapo, alikiri moyoni, watu hawaweki kazi za darasa.

“‘Badrik, mpenzi wangu,’” Nuh alianza kutafsiri. Ile p ya Patrick ilikuwa imemshinda ulimi kama inavyowashinda Wasomali wengi. “‘Moyo wangu ni mzito.’ Hapa ameweka uzito, lakini hakutaja kilo.”

“Endelea,” alisema adeer Bishar.

“‘Nimebeba...’ Neno hili silioni vizuri. ‘Nimebeba... lako.’ Halafu hapa kuna ‘mtoto’. Halafu ‘amelala’.”

Tasbihi ya ayeeyo iliacha kutembea.

“Amebeba mtoto wa Badri!” Hawo alipiga yowe, akaketi chini palepale mlangoni.

“Jina!” Idman alipaza sauti. “Nimebeba jina! ‘Nimebeba jina lako kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.’ Nuh, umeruka maneno!”

“Nimeruka yasiyo na maana,” Nuh alijitetea.

“Hooyo, ni kazi ya shule!” alimlilia mama yake. “Wallahi ni kazi ya shule. Patrick ni mtu wa kitabuni. Hayuko!”

“Kila msichana aliyewahi kukamatwa na barua alisema ni kazi ya shule,” alisema adeer Bishar. “Hata dada zangu walisema hivyo, na wao hawakuwahi kwenda shule.”

“Hayuko, anasema,” Nuh akadakia, akigeuza karatasi. “Kama hayuko, nani amemjibu hapa chini kwa wino mwekundu?”

Idman alifumba macho. Alikuwa amesahau wino mwekundu.

“Amejibu nini?” adeer Bishar aliinuka kidogo kwenye mto wake.

Nuh alisoma polepole, na safari hii, kwa bahati mbaya, hakukosea hata neno. “‘Hisia nzuri sana. Lakini ushahidi uko wapi? Nionyeshe.’”

“Ushahidi!” adeer Bishar alisimama wima. “Ushahidi gani anaotaka kuonyeshwa mwanamume kabla ya nikaha?”

“Ni mwalimu wangu, adeer! Anataka nionyeshe kurasa! Kwenye fasihi ukisema mtu anapenda, lazima uonyeshe ni wapi kitabuni!”

“Mpigie basi huyo mwalimu.”

Idman alipiga. Alijua haitasaidia. Mwalimu Barwaqo alikuwa Mandera kwenye arusi ya dada yake, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu Jumanne. Walisikiliza wote, simu ikiwa juu ya mkeka, sauti ya mwanamke wa mtandao ikiwaomba wajaribu tena baadaye.

“Akina Badri ninaowajua mimi ni wawili,” ayeeyo Ramlo alisema kwa upole. “Mmoja ana malori. Kama ni huyo wa malori, tusiwe na haraka ya kukasirika.”

“Ayeeyo!”

“Nauliza tu.”

Adeer Bishar hakuwa mtu mbaya. Idman alikuwa akijiambia hivyo tangu utotoni na mara nyingi ilikuwa kweli. Ndiye aliyewalisha babake alipofariki. Ndiye aliyesema, wengine walipocheka, kwamba msichana akitaka kurudi darasani na arudi. Lakini alikuwa dalali wa ngamia kwa miaka thelathini, na dalali akishadhani amedanganywa hasikii tena bei.

“Nilikupa ruhusa ya kusoma,” alisema, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. “Watu wa Habaswein waliniuliza, Bishar, binti ya ndugu yako anasoma nini na umri ule? Nikawajibu kwa kifua. Kumbe anasomea kuandikia wanaume. Kesho baada ya alfajiri utapanda gari pamoja nami. Utakaa kwa shangazi zako.”

“Na mtihani?”

“Mtihani umeshaufanya. Nuh ameshika majibu mkononi.”

Miaka minne ya kumgeuza mama yake kitandani, mwaka mmoja na nusu wa kusoma kando ya jiko huku mikate ya anjera ikiungua, vyote viishie kwenye gari la alfajiri kwa sababu ya mtu aliyetungwa! Alipiga magoti mbele ya amu yake.

“Nipe mpaka magharibi, adeer. Kitabu tunacho kimoja, watu wawili, tunapokezana. Wiki hii kiko kwa mwenzangu. Akikileta utaona mwenyewe jina lake limechapishwa, kwa wino wa mashine.”

“Siku hizi wanachapisha wachumba?” Nuh aliuliza.

“Huyo mwenzako,” adeer Bishar alisema, akifinya macho, “ni msichana?”

“Ni mwanadarasa,” alisema Idman.

* * *

Mwanadarasa huyo aliitwa Awil.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliuza dawa za mifugo sokoni. Aliingia darasani kila Jumatatu na Jumatano baada ya alasiri akinuka dawa ya kupe, akaketi nyuma ya Idman, akagombana na mwandishi wa tamthilia. Hakuna mtu aliyewahi kusoma fasihi kwa hasira kama Awil. “Huyu Patrick ni daktari wa namna gani?” aliwahi kumwandikia mwalimu katika insha. “Homa imeingia mjini onyesho la pili, yeye anaandika mashairi mpaka onyesho la nne. Angekuwa sokoni kwetu mbuzi wote wangekwisha.” Mwalimu Barwaqo alimpa alama nne kati ya ishirini, na darasa zima lilicheka isipokuwa Idman, aliyegeuka nyuma kumtazama mtu mwenye mawazo kama yake.

Tangu siku hiyo walipokezana kitabu. Na tangu siku hiyo hapakuwa na lolote zaidi kati yao. Awil alimwambia tu mambo kama “Ukurasa wa thelathini umenishinda,” au “Nimekifunika kitabu kwa gazeti, kisipate vumbi.” Lakini alipompa kitabu alikishika kwa mikono miwili, na alipokiachilia alichelewa kidogo kukiachilia. Idman naye, usiku wa kuandika barua ya Lusia, alipaswa kumfikiria Patrick na pikipiki yake. Hakumfikiria Patrick.

Alijifungia jikoni akapiga simu. Wao wawili walizoea kuongea Kiswahili, lugha ya darasani, na chaji ilikuwa imebaki chembe.

“Awil, njoo nyumbani sasa hivi. Amu yangu amekuja kutoka Habaswein. Anataka kukuona.”

Upande wa pili alijibu kwanza mbuzi.

“Mimi?” Awil aliuliza, sauti ikipanda.

“Wewe. Usichelewe. Na usije mikono mitupu, njoo na kita—”

Simu ikazimika.

* * *

Alifika baada ya saa moja. Idman alikwenda kufungua lango, akamtazama, akasahau kumkaribisha.

Awil alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nywele alizilaza kwa maji. Alikuwa amejipaka manukato ya kutosha msafara mzima, na chini yake, mbali sana, dawa ya kupe ilikuwa bado inapigana. Mikononi alibeba katoni ya tende, na juu ya katoni, pakiti nne za majani ya chai.

“Umefanya nini?” Idman alinong’ona.

“Ulisema nije na kitu.”

“Nilisema kitabu!”

“Kitabu?” Awil alimtazama, na taratibu uso wake ukabadilika, kama mtu aliyepanda jukwaani akakuta ni arusi ya watu wengine. “Kwa hiyo amu yako hataki... Si kuhusu...”

“Kuhusu nini?”

“Hakuna,” alisema haraka, masikio yakimwiva. “Kitabu kimo begini. Kiko begini siku zote.”

Idman alitaka kucheka, na alitaka kulia, na juu ya yote alitaka aulize tena hilo swali la “kuhusu nini” na kukaa hapo langoni mpaka lijibiwe. Lakini bakora iligonga sakafuni.

“Huyo mtu aingie!”

Awil aliingia, akasalimia mmoja mmoja kwa heshima, akaweka tende mbele ya ayeeyo. Ayeeyo Ramlo aliangalia tende, akaangalia kanzu, akamfinya Hawo pajani.

“Wewe ndiye Badri,” alisema adeer Bishar. Halikuwa swali.

“Hapana, adeer. Naitwa Awil.”

“Badri yuko wapi?”

“Badri gani?”

“Badrik!” Nuh alisema, akitikisa karatasi. “Wa Lusia!”

“Aa, Patrick!” Awil alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hatimaye jambo analolijua. “Patrick amekufa.”

Tasbihi ilianguka.

“Inna lillahi wa inna ilayhi raji’un,” alisema ayeeyo Ramlo.

Hawo alijifunika uso na kuanza kulia. Dakika mbili zilizopita alikuwa tayari kumfukuza Badri kwa mwiko, lakini kufiwa ni kufiwa. “Maskini mwanangu,” alisema, akimvuta Idman kifuani. “Maskini, na hukutuambia. Umebeba msiba peke yako.”

“Hooyo, mimi—”

“Alikufa lini?” adeer Bishar aliuliza, ameketi tena, sauti imelainika.

“Onyesho la tano,” alisema Awil.

Adeer Bishar aliwaza. Njia ya kutoka Garissa hadi Habaswein aliijua kisima kwa kisima. “Onyesho la tano ndiyo wapi? Ni kabla ya Modogashe au baada?”

Mdomo ulimshinda Idman. Kicheko kilimtoka, kikubwa, kifuani mwa mama yake, na Hawo, akidhani ni kilio, akamkumbatia kwa nguvu zaidi. Awil alimwona. Alimwona akicheka na machozi yakimtoka, na kwa kitambo kidogo alisahau chumba chote kilichokuwa kikimtazama.

“Ni kitabuni, adeer,” alisema polepole, akifungua begi. “Patrick ni mtu wa kitabuni. Hiki hapa, kimefunikwa kwa gazeti.”

Kitabu kikapita mkono kwa mkono. Nuh alikagua jalada kama kawaida ya kazi yake, akitafuta muhuri. Akafungua. Palikuwa na jina la Patrick katika kila ukurasa, upande wa kushoto, kwa wino wa mashine, na jina la Lusia chini yake.

“Ni kweli,” Nuh alikubali kwa uchungu. “Wameandikwa.”

“Kuandikwa jina si hoja. Majina hufanana,” adeer Bishar alisema. “Wewe, kijana, Kiingereza unakijua? Nisomee hicho kitabu kwa lugha yetu. Nataka kujua huyu mtoto anafundishwa nini.”

Awil akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma na kutafsiri. Idman aliketi kando, mbali kwa adabu lakini karibu vya kutosha kuziona herufi.

Lazima isemwe kwamba Awil alikuwa msomaji mzuri. Babake Lusia alipoingia alimfanyia sauti nzito, na pikipiki ya daktari ilipokorofika aliitengenezea mlio. Kufikia onyesho la pili, ayeeyo alikuwa amefungua katoni ya tende. Kufikia la tatu, adeer Bishar alikuwa ameweka bakora chini.

“Huyu mzee ana haki,” alisema. “Daktari amekuja bila wazee wake, anasimama langoni anapiga honi. Honi! Lusia ni mbuzi?”

“Lakini anampenda,” alisema Hawo.

“Kupenda hakumkatazi mtu kuleta wazee. Endelea, kijana.”

Chai ikaletwa. Jua likashuka kwenye ukuta wa ua. Awil akaruka maonyesho marefu ya waganga, akafika ukurasa wa sitini na mbili, Patrick na Lusia wakiagana kituoni. Idman aliujua kwa moyo. Ulikuwa na mistari miwili tu ya Patrick. Ya kwanza, kwamba basi haliwezi kumngoja. Ya pili, kwamba Lusia amwandikie.

“Patrick anasema,” Awil alianza. Alikohoa. Kidole chake kilikuwa chini ya mstari wa kwanza. “Anasema, ‘Sikuja hapa kwa sababu nilijua maneno. Mimi maneno yananishinda. Nimekuwa nikikaa nyuma yako kila Jumatatu na kila Jumatano, na ukigeuka naangalia kitabu.’”

Idman aliinua macho kutoka ukurasani. Awil hakuinua yake. Kidole chake hakikutembea.

“‘Nikikwambia ukurasa fulani umenishinda, si kweli. Nimeusoma mara tatu. Nataka tu uugeuze uso uniambie maana yake. Leo nimeitwa nyumbani kwenu nikadhani... nilidhani jambo, nikanunua kanzu njiani. Siku zote nasema Patrick ni mjinga. Naona sasa ni vigumu kuliko nilivyofikiri. Sina malori. Nina duka la dawa za mbuzi, na ninalifungua alfajiri, na siku mtu akilifungua pamoja nami—’”

“Dawa za mbuzi?” ayeeyo alihoji, tende ikiwa nusu ya njia. “Si alikuwa daktari wa watu?”

“Alikuwa... anafanya vyote viwili,” alisema Awil, jasho likimtiririka shingoni.

Feni ilizunguka. Adeer Bishar alimgeukia Nuh polepole.

“Nuh. Wewe ni mtu wa ofisi. Hebu tazama. Ndivyo ilivyoandikwa?”

Nuh alipokea kitabu. Aliangalia ukurasa. Idman alimwona akisogeza midomo, akirudi nyuma, akisogeza tena, na akaelewa, kwa huruma iliyomshangaza, kwamba binamu yake alikuwa akiogopa kuliko wote chumbani.

“Neno kwa neno,” alisema Nuh, akakirudisha upesi.

“Mm,” alisema adeer Bishar.

Alinyoosha mkono, akakichukua kitabu yeye mwenyewe. Hakujua herufi hata moja ya Kiingereza. Lakini alikaa nacho, akautazama ukurasa jinsi alivyotazama meno ya ngamia sokoni, bila haraka.

“Mistari miwili,” alisema. “Na huyu kijana amekunywa chai kikombe kizima anaitafsiri.”

Awil alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya kanzu yake mpya. Idman aliiona ile mikono, mikono ya mtu anayeshika fahali kwa pembe kila siku bila kufikiri, ikikunja na kukunjua upindo wa kanzu, na kitu kikamtulia kifuani. Kama ni gari la alfajiri, basi na liwe, lakini hatalipanda akiwa amenyamaza.

“Mstari wa chini ni wa nani?” adeer Bishar aliuliza.

“Wa Lusia,” alisema Idman.

“Soma wewe basi. Anajibu nini?”

Akampa kitabu. Jibu la Lusia, kwa wino wa mashine, lilikuwa: nenda salama. Idman aliweka kidole chini ya maneno hayo.

“Lusia anasema, ‘Najua umeusoma mara tatu. Umeandika pembeni kwa penseli. Nami niligeuka nyuma hata siku ambazo hukuniuliza kitu.’” Kidole chake pia hakikutembea. “‘Lakini nina mtihani siku ishirini na moja kutoka leo. Nimeungoja miaka mingi kuliko nilivyokungoja wewe. Siendi popote kabla ya mtihani, si kwako, wala si kwa shangazi zangu. Ukiweza kungoja, ngoja. Na ukija tena, usije na tende. Njoo na wazee wako.’”

Alifunga kitabu. Hakumwangalia Awil, maana angemwangalia angeshindwa kuangalia kwingine. Alimwangalia amu yake.

Adeer Bishar alichezea ndevu zake za hina.

“Huyu babake Lusia,” alisema mwishowe, “kwenye ukurasa huo hana neno?”

“Hana, adeer. Hayupo kituoni.”

“Mwandishi amekosea. Lazima awepo. Lete hapa.” Akakichukua kitabu, akakifungua katikati, juu chini, akakiweka mbele ya macho yake kwa heshima kubwa. “Baba anasema, ‘Kijana, ondoka sasa hivi, magharibi inaingia na umekaa kwenye nyumba ya watu kutwa nzima. Mtihani ukiisha, wazee wako waje kwangu Habaswein. Waje asubuhi, kwa sababu nina maswali mengi, na la kwanza ni kuhusu hiyo dawa ya kupe, kwani ngamia wangu wawili wamedhoofu.’ Kisha anamwambia binti yake, ‘Gari la kesho nitapanda peke yangu. Na wewe usifeli, maana nimeshawajibu watu kwa kifua.’”

Awil alisimama, akashukuru kwa lugha tatu, akaaga mara mbili, akatoka nje na kiatu kimoja chake na kimoja cha Nuh. Walimsikia akiligonga lango kabla ya kukumbuka kulifungua.

“Sasa,” alisema adeer Bishar, akiinuka kwenda kutawadha, “nani ataniambia yule daktari alikufaje?”

“Kwa homa,” alisema Nuh, aliyekuwa amesikia Awil akisoma kwamba homa imeingia mjini. “Imeandikwa.”

Wanaume walipokwenda msikitini na ayeeyo akageukia mkeka wake wa sala, Idman aliwasha taa ya jikoni. Hawo aliingia nyuma yake, akaanza kuzoa sukari iliyokuwa imemwagika mlangoni tangu mchana. Alizoa, mgongo ukimlazimisha kuinama polepole, mpaka Idman akainama kumsaidia na vichwa vyao vikakaribiana.

“Huyo Lusia,” Hawo alisema, macho kwenye sukari. “Anampenda kweli?”

“Nani, hooyo? Patrick?”

“Usinifanye mtoto. Huyo wa dawa za mbuzi.”

Hapakuwa na kitabu cha kushika, wala mstari wa kuwekea kidole. Idman alitazama mikono ya mama yake, iliyojaa chembe nyeupe.

“Sana,” alisema.

Hawo aliitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ambayo alikuwa nayo tayari. Kisha akamsukuma begani.

“Basi inuka ukasome. Sukari nitaimaliza mwenyewe.”